Kuchora viungo vya chuma kwa kumfikiria anayevisimika: mwongozo kamili

Ghala la kwanza nililolichora peke yangu bado limesimama, na mahesabu yake yalikuwa safi. Lakini siku ya kufunga rafta, zile boriti za mshazari za paa, nilipigiwa simu niende saiti. Nilimkuta fundi amekaa kwapani mwa fremu, pale rafta inapokutana na nguzo, mita 7 kutoka chini, mguu mmoja juu ya chuma na mwingine unaning'inia, mkononi ana grainda. Nati moja ilikuwa haizunguki. Nilikuwa nimechora bamba la kukaza milimita 15 kutoka katikati ya tundu. Nati ya bolti ya M20 (yenye kipenyo cha milimita 20) ina milimita 30 bapa kwa bapa na karibu 33 kona kwa kona, kwa hiyo kona zake zilikuwa zinagonga bamba. Kwenye karatasi huoni kitu kama hicho, maana kwenye karatasi nati haizungushwi.

Aliponiona hakufoka. Aliuliza tu, "Injinia, hii wewe ungeifunga vipi?"

Ilimchukua nusu siku kulikata bamba lile huku cheche zikimrukia kifuani. Kofia ngumu alikuwa nayo, mkanda alikuwa nao. Hatari yenyewe nilikuwa nimeiweka mimi mezani, miezi mitatu kabla. Tangu hapo kila kiungo nakipigia hesabu mara mbili: kwanza kwa jengo lililokamilika, kisha kwa ile dakika kreni inapoachia na mtu bado yuko juu.

Mwongozo huu ni wa anayechora au kukagua michoro ya majengo ya chuma ya kawaida: maghala ya fremu, na majengo ya ghorofa chache yenye nguzo na boriti. Nitasema nguzo ya umbo la H ina mabawa mawili na ukuta wa kati, ili tuelewane.

Hatua ya 1: Andika mpangilio wa kusimika kabla ya kuchora kiungo chochote

Jengo lililokamilika linasimama kwa sababu kila kipande kimeshikwa na kingine. Fremu ya kwanza ya ghala, asubuhi ya siku ya kwanza, haijashikwa na chochote. Ikisukumwa kwa ubavu inalala.

Basi chukua karatasi uandike: kipi kinasimama kwanza, kinashikwa na nini, na lini unaruhusu kuondoa kamba za waya za muda. Kwa ghala, anza na uwanja (nafasi kati ya fremu mbili) wenye bresi, yaani vyuma vya mshazari vya kuzuia kuyumba. Simika fremu mbili, ziunganishe kwa palini (vyuma vyepesi vinavyobeba bati za paa) na bresi za mshazari za ukutani na za paani, nyoosha kwa timazi, kaza. Hapo una kisanduku kinachojisimamia, na fremu zinazofuata zinakiegemea hicho. Ukiweka bresi katikati ya ghala kwa sababu za mahesabu, sawa, lakini mwambie mkandarasi aanzie katikati. Asipoambiwa ataanzia mwisho, upande ule lori linapoingilia. Nani asingefanya hivyo?

Mpangilio huu uingie kwenye mchoro wenyewe. Barua pembeni itabaki ofisini.

Hatua ya 2: Kitako cha nguzo

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa sababu ndipo watu wanapoweka bolti mbili tu kwa kisingizio kwamba nguzo "haina momenti", yaani haina nguvu ya kuipindua.

Nguzo yenye bolti mbili kwenye mstari wa katikati, ikiwa imekaa juu ya nati za kusawazishia na grauti (saruji laini ya kujazia chini ya bamba la kitako) haijamiminwa, ni kama ubao uliosimamishwa juu ya misumari miwili. Kwa upande mmoja inajitahidi, kwa upande wa pili haina kitu. Halafu mtu anapanda kwenda kufungua mnyororo wa kreni.

Shirika la usalama kazini la Marekani, OSHA (si OSHA yetu ya Tanzania, majina tu yamefanana), lilitoa kanuni za kusimika chuma mwaka 2001, na namba zake zinafaa hata pale ambapo sheria haikulazimishi. Ukiacha viguzo vyepesi, kila nguzo iwe na bolti za msingi zisizopungua 4, na kitako chake kiweze kustahimili mzigo wa kilo 136 uliowekwa juu kabisa ya nguzo, sentimita 46 nje ya uso wake, kwa kila upande. Huyo ni fundi na vifaa vyake, ameegemea nje.

Tupige hesabu. Nguzo ya urefu wa mita 8, upana wa milimita 300, bolti 4 zilizopangwa mraba wa milimita 200. Kilo 136 ikiwa karibu mita 0.6 kutoka katikati ya nguzo inaleta momenti ya kama 0.8 kNm (kilonyutoni-mita). Gawa kwa mita 0.2, unapata kN 4 kwa jozi ya bolti. Si kitu. Sasa leta upepo wa mita 20 kwa sekunde, wa aina ile inayotangulia mvua. Nguzo hiyo hiyo, ikiwa wazi pande zote, inasukumwa na kama kN 1.2, na kwa kuwa nguvu inakaa katikati ya urefu, momenti kitakoni inakaribia 4.7 kNm. Kila bolti ya upande unaovutwa inabeba karibu kN 12, yaani zaidi ya tani moja. Bolti ya M20 yenyewe itaweza. Swali ni kama zege limeishika: imezama kiasi gani, mwishoni ina bamba au ndoano, na zege lina siku ngapi. Kanuni hizo za 2001 zinataka zege la msingi lifikie asilimia 75 ya nguvu iliyokusudiwa kabla chuma hakijasimikwa, na lithibitishwe kwa vipimo. Zege la juzi halishiki bolti hata kama juu limekauka na linalia kama jiwe.

Mambo mengine ya kitako, kwa haraka. Panga bolti mraba kamili ili msingi usiwe na "kushoto" na "kulia", na kama nguzo ina upande, piga alama ya kaskazini kwenye bamba karakanani. Chora kigezo cha bamba au plaiwudi cha kushikilia bolti wakati wa kumwaga zege, na kiorodheshe kama kipande cha kazi chenye namba yake, la sivyo watashikilia bolti kwa binding waya. Nafasi ya grauti iwe kati ya milimita 25 na 50. Ikizidi hapo bolti zinageuka miguu mirefu na kupinda. Weka vipande vya chuma vya kujazia chini ya bamba ili uzito usikae juu ya nati peke yake.

Na andika kwa herufi kubwa: BOLTI YA MSINGI ISIPINDWE, ISIKATWE, ISICHOMELEWE BILA IDHINI YA MHANDISI. Bolti ikikosa tundu kwa sentimita mbili, saiti kuna dawa moja tu inayojulikana, nayo ni nyundo ya kilo 5 na moto wa gesi.

Hatua ya 3: Boriti mbili, bolti zile zile

Hiki kiungo kinaua watu, na kwenye karatasi kinapendeza.

Boriti A inakuja kushoto mwa ukuta wa kati wa nguzo, boriti B kulia, uso kwa uso. Mchoraji anabana matumizi ya chuma: bolti zile zile zinapita kwenye bamba la A, ukuta wa nguzo, na bamba la B. Safi kabisa. Sasa mpe fundi. Anasimika A asubuhi na kuifunga kwa nati. Saa sita B inaning'inia kwenye kreni. Ili B iingie, inabidi afungue nati za A na kurudisha bolti nyuma kidogo. Kwa muda huo A, ambayo huenda yeye mwenyewe ameikalia, imeshikwa na ncha za bolti tu. Nguzo ikiyumba kidogo, au B ikiigonga, A inachomoka.

Kuna njia nne za kulizuia hilo, nazo nazipanga kwa jinsi ninavyozipenda. Ya kwanza ni kuzitenganisha kabisa: chomelea bamba la pezi (bamba la wima linalotokeza kama pezi la samaki) kwenye nguzo karakanani, moja kwa kila upande, na kila boriti ipate bolti zake. Ya pili ni kuweka kiti, yaani kipande cha chuma cha pembe kilichofungwa au kuchomelewa chini ya boriti. Boriti inatua juu yake, fundi anavuta pumzi, kisha anafunga. Kiti kinapendwa na mafundi kuliko kitu kingine chochote utakachokichora, lakini msanifu wa majengo anaweza kulalamika kikionekana. Ya tatu ni kuongeza bolti moja ya A peke yake na kukata kona ya bamba la B ili bolti hiyo isiguswe B inapoingia. Kanuni ya Marekani inataka hivyo hasa: isipokuwa pawe na kiti, boriti ya kwanza ibaki na bolti isiyopungua moja iliyokazwa wakati wote. Ya nne ni kuzipandisha na kuzishusha boriti zipishane kimo, jambo ambalo sakafu mara nyingi hairuhusu.

Pezi lina masharti. Likiwa fupi na kujificha ndani ya mabawa ya nguzo, boriti haiwezi kushuka moja kwa moja. Inabidi izungushwe kuingia, na ncha yake ya pili inagonga nguzo ya mbele. Lirefushe litokeze nje ya mabawa. Ukilirefusha, bolti zimekuwa mbali na uso wa kuchomelea, kwa hiyo pigia hesabu momenti hiyo. Usilirefushe kwa macho.

Kreni isiachie boriti kabla ya bolti mbili kila upande, za ukubwa ule ule wa mwisho, kukazwa kwa spana. Ukichora kiungo chenye tundu mbili tu, ujue fundi hana tundu la akiba la kupitishia ule mkia uliochongoka wa spana yake kulengesha. Weka tatu.

Hatua ya 4: Mkono, spana na nati

Kwa M20 mimi siweki kizuizi chochote karibu zaidi ya milimita 35 kutoka katikati ya tundu, na nikiweza naacha 40 ili soketi iingie. Kwa M24, ambayo nati yake ni milimita 36 bapa kwa bapa, naongeza kwa uwiano huo. Angalia pia urefu: bolti ya milimita 70 pamoja na kichwa chake inataka zaidi ya milimita 80 za kuingilia kwa nyuma, na nguzo ya bomba la mraba haina nyuma. Mkono hauingii ndani ya bomba. Tumia bamba la nje, usimwachie mtu atoboe dirisha kwa gesi akiwa juu ya ngazi.

Tukiwa kwenye bomba: kama kazi inakwenda kupakwa zinki, na Pwani utaitaka, toboa matundu ya kupumulia. Beseni la zinki lina joto la kama nyuzi 450. Bomba lililozibwa pande zote likiwa na hewa na unyevu ndani linaweza kupasuka humo. Huyo si fundi wako wa juu, ni wa kiwandani, lakini naye ana watoto.

Boriti yenye mabamba ya mwisho inayoingia kati ya nguzo mbili ifanye fupi kwa milimita 2 au 3 na utoe vipande vya kujazia. Boriti iliyochorwa kwa kipimo kamili huingizwa kwa mtaimbo, na mtaimbo ukiteleza humvuta aliyeushika.

Hatua ya 5: Bolti aina moja, moto ubaki karakanani

Chagua M20 gredi 8.8 (gredi ni kiwango cha nguvu ya chuma cha bolti) kwa jengo zima kama inawezekana. Pakiwa na viungo vinavyohitaji zaidi, panda kipenyo, usibadilishe gredi kwenye kipenyo kile kile. Bolti ya M20 ya 8.8 na ya 10.9 kwenye ndoo moja hutofautishwa na namba ndogo kichwani, na saa kumi jioni hakuna anayezisoma.

Kuchomelea kufanyike chini, karakanani, kipande kikigeuzwa ili moto ukae juu yake. Mshono wa kichwani, mita 9 juu, waya wa genereta ukiburuzwa kwenye matope, hutoka mbaya na humuumiza aliyeushona. Kila alama ya kuchomelea saiti iliyopo kwenye mchoro wako ijitetee.

Hatua ya 6: Atashika wapi, atafunga mkanda wapi

Watu wananunua mikanda mizuri kisha hakuna pa kuifunga. Toboa tundu karakanani. Dakika mbili za drili. Kwenye nguzo za pembezoni za ghorofa, kanuni ile ya 2001 inataka nguzo ipande kama mita 1.2 juu ya sakafu pale inapowezekana, na iwe na matundu kwenye kimo cha kati ya milimita 1,067 na 1,143 na lingine nusu ya hapo, ili kamba za waya za kuzuia kuanguka zipitishwe mara tu sakafu inapowekwa. Kwa bahati nzuri kimo hicho ndicho kinachofaa kuungia nguzo ya juu: fundi anasimama sakafuni, bolti ziko kifuani pake, ngazi haihitajiki. Ukiunga nguzo usawa wa sakafu atapiga magoti ukingoni.

Ngazi za kudumu zichore zisimikwe pamoja na fremu, ghorofa kwa ghorofa. Zikisubiri mwisho, watu watapanda kwa bresi.

Vijiti vya kushikia zege juu ya boriti vichomelewe baada ya bati za sakafu kulazwa. Vikitoka navyo karakanani, kila anayepita juu ya boriti anapita kwenye mstari wa visiki.

Hatua ya 7: Paa

Palini za umbo la Z au C, kabla ya bati, hujipinda zikikanyagwa ukingoni. Bolti mbili kila mwisho, si moja, na fito za kuzuia kupinda zifungwe palini zinapopanda.

Bati za mwanga, zile za plastiki, ndizo ninazoziogopa. Mpya hubonyea, kuukuu huvunjika, na vumbi likizifunika hazitofautiani na bati la kawaida. Chora wavu wa waya wa kudumu chini ya kila moja, uingie kwenye orodha ya vifaa. Atakayemshukuru mchoraji ni yule anayepanda baada ya miaka kumi na mitano kuziba tundu linalovuja.

Hatua ya 8: Kunyanyua

Kila kipande kinachozidi kilo mia chache kiandikwe uzito, na kiwekewe alama ya kitovu cha uzito. Rafta yenye kwapa, yaani mwisho ulionenepeshwa pale inapokutana na nguzo, haina kitovu katikati. Upande wa kwapa ni mzito, na anayefunga mnyororo kwa kukisia ataona kipande kikiinama hewani. Andika pia pembe ya mnyororo. Minyororo miwili ikiwa na nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja unabeba karibu asilimia 58 ya mzigo. Ikilala hadi nyuzi 30, kila mmoja unabeba mzigo wote, kana kwamba uko peke yake.

Masikio ya kunyanyulia yavutwe kwenye mwelekeo wa bamba lake, si ubavuni. Nusu mbili za rafta ziunganishwe chini na zipande pamoja kama kreni inaweza: kiungo cha kileleni kikifungwa ardhini ni kazi ya mtu aliyesimama. Kuhusu vitu vidogo, kumbuka kwamba spana inayodondoka kutoka mita 8 inafika chini kwa mwendo wa kama kilomita 45 kwa saa. Kila kiungo unachokihamishia ardhini kinapunguza spana za angani.

Hatua ya 9: Mpe fundi mchoro kabla haujatoka

Kiungo kigumu kutengeneza hakitengenezwi kilivyo. Kitabadilishwa, na anayekibadilisha hana mahesabu yako. Mwaka 1981 huko Kansas City, Marekani, vijia vya juu vya hoteli ya Hyatt Regency vilianguka usiku wa tarehe 17 Julai na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na fito ndefu zilizobeba vijia viwili, kimoja chini ya kingine. Fito za namna hiyo zingehitaji kukatwa nyuzi za nati sehemu ndefu ya urefu wake, kazi ya kuchosha, basi zikagawanywa mbili: kijia cha chini kikaning'inizwa kwenye boriti za cha juu. Nati za boriti za juu zikabeba mzigo mara mbili, na badiliko likapita bila mtu kulipigia hesabu. Hata mchoro wa awali haukukidhi kanuni, lakini badiliko ndilo lililomaliza.

Kwa hiyo kabla ya kugonga muhuri, nakaa na msimamizi wa wasimikaji, chai mezani, michoro imetandazwa. Simuulizi kama ameelewa, maana atasema ndiyo. Namwambia anisimikie jengo kwa kidole, kipande kwa kipande, na aniambie kila mara amekaa wapi, mkono wa pili umeshika nini, na kreni inaachia lini. Kidole kikisita, nazungushia duara jekundu hapo hapo. Mara ya mwisho tulifanya hivi yalitoka maduara kumi na moja, na mawili yalikuwa kwapani, sehemu ile ile ya grainda.

"Hapa sasa nati inazunguka," alisema, "lakini nikimaliza nashukia wapi?"

Nilichora ngazi.